Bati la Mbele

Karakana yao ilikuwa na milango miwili, na kila mkazi wa mtaa ule alijua kwamba mlango wa kulia ni wa mume na wa kushoto ni wa mke. Kulia kulikuwa na vumbi la mbao, randa, misumeno, gundi iliyokaukia kwenye makopo na redio isiyozimwa. Kushoto kulikuwa safi kama chumba cha wazazi hospitalini: meza moja ndefu iliyotandikwa zulia, vioo vimesimamishwa ukutani kwa kufuata kimo, na kisu kidogo chenye gurudumu la kukatia, ambacho mwenyewe hakuruhusu mtu akiguse. Mume alikuwa seremala. Mke alikuwa fundi vioo. Wateja walimwita Bi Vioo, na mume naye akazoea, akawa anamwita hivyo hivyo hata wakiwa wawili chumbani.

"Mimi nikikosea napiga randa," alipenda kuwaambia wateja. "Mwenzangu akikosea anafagia."

Lakini mwenzake hakukosea mara nyingi. Aliweka rula, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akavuta kile kisu mara moja tu, bila kurudia. Kilitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Kisha akagonga taratibu kwa chini, na kioo kikaachana pale pale alipotaka. Miaka yote waliyoishi pamoja, seremala hakuchoka kusimama mlangoni kumtazama. Alisingizia kuja kuazima penseli, wakati penseli ilikuwa nyuma ya sikio lake.

Mwaka huo walipata kazi ya kuwatoa. Mama mmoja alikuwa anamalizia nyumba ya wageni katika mji wa machimbo, mbali sana, ambako lami haijafika. Alitaka kabati la nguo kwa kila chumba, na kila kabati liwe na kioo kirefu mlangoni. Watoto wao wawili walikuwa wameshaoa na kuolewa na kushika njia zao, na wazee hawa, ambao bado hawakujiona wazee, walianza kuzungumza jioni juu ya kuezeka nyumba upya na kununua mashine ya kulainisha kingo za vioo.

Usafiri ulikuwa wa shemeji, yaani mdogo wake Bi Vioo. Alikuwa na gari la stesheni wagoni lenye nguvu na trela la magurudumu mawili alilolinunua kwa wajenzi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na gari lake alilipenda kiasi kwamba abiria walivua viatu kabla ya kuingia.

Safari ya kwanza iliwapa somo. Lami ilipoishia, changarawe ikaanza, na matairi ya nyuma ya gari yakawa yanaokota mawe na kuyatupa nyuma, moja kwa moja kwenye mzigo. Walifunika makabati kwa mablanketi, lakini blanketi litazuia nini? Walipofika na kufunua, makabati mawili yalikuwa na vioo vilivyopasuka kuanzia kona hadi kona.

Mwenye nyumba ya wageni alikunja mikono kifuani akavitazama. "Hiki ni kioo au utando wa buibui?"

Alipokea yaliyo mazima, yale mawili akayarudisha. Wakati wa kurudi, walipofika kwenye lami, Bi Vioo alifungua mdomo.

"Tatizo ni matairi yetu wenyewe," alisema. "Gari linaupiga mawe mzigo wake lenyewe."

"Barabara ndiyo ilivyo, dada," alisema shemeji. "Ile mipira ya kuning'inia nyuma ya matairi ilishakatika siku nyingi, na hata ingekuwepo isingezuia yote."

Seremala alikuwa ameshaanza kujenga kichwani.

Alichojenga ni hiki. Alitafuta bati nene, jipya, linalong'aa, akalisimamisha mbele ya trela kama ukuta, wima kabisa, upana wa trela na kimo cha makabati. Bi Vioo ndiye aliyelishikilia kwa mikono miwili huku mumewe akitoboa na kupiga riveti. Kazi ilipokwisha, shemeji alikuja kukagua. Alijitazama kwenye bati, akatoa kitana mfukoni, akachana nywele.

"Sasa trela lina kioo kizuri kuliko makabati yenyewe," alisema.

Seremala alilipiga ngumi lile bati. Likalia kama kengele. "Jiwe likija hapa," alisema kwa majivuno, "linarudi lilikotoka."

Wote watatu walicheka.

Safari ya pili waliondoka mapema, barabara ikiwa bado na ubaridi. Kioo kikubwa kuliko vyote, cha ukumbi wa mapokezi, Bi Vioo alikataa kisipakiwe kwenye trela hata kama kuna bati. Walikiweka ndani ya gari, kimefungwa blanketi, kimeegemea kiti cha nyuma, na yeye akakaa kando yake amekizungushia mkono kama mtu aliyempakata mtoto mgonjwa. Seremala alikaa mbele na shemeji.

Changarawe ilipoanza walisikia mawe yakigonga bati huko nyuma. Pang. Pang. Seremala alitabasamu kwa kila mlio. Alikuwa kama mtu anayesikia mvua inapiga paa alilolimaliza jana.

Lori moja liliwapita kwa kasi na kuwaachia vumbi. Kabla vumbi halijatua, kioo cha nyuma cha gari kilipasuka kwa mshindo wa mfuko wa karatasi uliopulizwa na kupigwa kofi. Shemeji alikanyaga breki, akateremka mbio na kuanza kulitukana lile lori, ambalo lilikuwa limeshapotelea kwenye kona.

"Mshenzi yule! Mwendo gani ule? Angalia alivyonifanyia!"

Bi Vioo alikuwa mzima. Punje za kioo zilikuwa zimemwagika mapajani mwake, kwenye nywele, kwenye viti. Alizikusanya kiganjani akazitazama kwa jicho la fundi.

"Kioo cha gari kimetengenezwa kimwagike hivi kisikate mtu," aliwaeleza. Kisha akaanza kufagia viti kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Umeona," mumewe alimtania, ili mioyo itulie, "leo hukukosea na bado unafagia."

"Pisha huko," alisema, lakini alicheka.

Seremala alizunguka kukagua mzigo. Alichungulia nyuma ya bati, kwenye makabati. Hakukuwa na mchubuko hata mmoja. Akarudi ameridhika. Upande wa mbele wa bati, ule uliotazamana na gari, hakuutazama. Hakuwa na sababu ya kuutazama. Jiwe lilitoka kwenye lori. Wote walikuwa na hakika.

Shemeji alitaka wageuze. "Dada atakula vumbi mpaka afike hana mapafu."

"Tumeshafika nusu," alisema seremala. "Tuzibe tu."

"Twendeni," alisema Bi Vioo. "Mama wa watu anafungua nyumba yake wiki hii."

Waliziba tundu lile kwa nailoni na gundi ya karatasi, wakaendelea. Baada ya muda upepo ukaanza kuinua kona ya nailoni, ikawa inapiga makofi. Bi Vioo aliwaambia wasisimame, angeibandika mwenyewe. Alipiga magoti kwenye kiti, akageukia nyuma, akanyoosha mkono kuivuta ile kona.

Seremala alisikia bati likilia pang, na papo hapo sauti nyingine ndogo, kama kidole kinachogonga meza.

"Ala," alisema mkewe. Alisema hivyo tu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mumewe alipogeuka, alimkuta ameketi, kiganja kimefunika upande wa kulia wa uso, na damu inachuruzika katikati ya vidole.

Zahanati ya karibu ilikuwa na muuguzi mmoja. Alimsafisha, akamfunga kwa kikombe cha plastiki juu ya jicho ili lisiguswe na chochote, akasema wasipoteze muda, wampeleke hospitali kubwa. "Acheni trela na hicho kioo hapa mwende mbio," aliwaambia. "Nitaviangalia."

Seremala alikwenda kulichomoa trela. Aliinama kwenye mkono wake wa chuma, akafungua mnyororo, akanyanyuka, na ili asianguke akashika bati kwa kiganja.

Bati halikuwa laini tena.

Alirudi nyuma hatua moja. Upande ule wa mbele, uliokuwa uking'aa mpaka mtu akachania nywele, ulikuwa umejaa vishimo. Vidogo vidogo, vingi, vimesongamana zaidi katikati, usawa ule ule wa kioo cha nyuma cha gari. Alitazama vishimo. Alitazama lile tundu la nailoni. Mkono wake ulinyooka wenyewe, ukapima mstari hewani kutoka bati hadi kwenye gari, kama anavyopima ubao kabla ya kukata. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa.

Lile lori halikuwa na kosa lolote. Matairi yalitupa mawe nyuma, bati likayakataa, na kwa kuwa alilisimamisha wima, likayarudisha yalikotoka. Maneno yake mwenyewe yalimrudia masikioni, na kicheko cha wote watatu.

"Shemeji, vipi, twende!" aliita mwenzake kutoka kwenye usukani.

Alikwenda. Alikaa nyuma, kichwa cha mkewe mapajani mwake. Shemeji aliendesha kama kichaa kwenye changarawe ile ile, nailoni imeshang'oka yote, tundu liko wazi. Halikuingia jiwe hata moja. Seremala alilisubiri lije limpige yeye, lakini halikuja.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole na maneno machache. Alimpima Bi Vioo muda mrefu, kisha akawaita wote wawili akavuta kiti karibu.

"Mama, jicho hili limechanika vibaya," alisema. "Nitalishona, lakini sidhani kama litaona tena. Na kuna jambo lingine, msikilize vizuri. Mara chache, si mara nyingi, jicho lililoumia hivi humponza mwenzake. Mwili unachanganyikiwa, unaanza kulishambulia na lile zima. Njia ya kuwa salama ni kuliondoa hili sasa, kabla wiki hazijapita."

"Kuliondoa?" aliuliza Bi Vioo.

"Kulitoa."

"Naona mwanga nalo," alisema haraka. "Ukiwasha tochi naona. Usilitoe. Kazi yangu ni macho, daktari. Mimi nakata vioo."

"Ndiyo maana nakwambia," alisema daktari. "Nataka libaki moja unalolitegemea." Alimgeukia mume. "Baba, wewe unasemaje?"

Seremala alifungua mdomo. Alijua neno lililotakiwa. Lakini aliona kwamba yeye ndiye aliyekwishalitoa jicho lile kwa bati lake, na sasa anaombwa alitoe mara ya pili kwa ulimi. Mkewe alikuwa amemshika kidole gumba, amekibana.

"Kama anaona mwanga," alisema, "tulitunze."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja. Hakubishana nao. Alishona, akawapa dawa, na siku ya kuwaruhusu akarudia kama anayemfundisha mtoto: ukungu ukiingia kwenye jicho zima, au mwanga ukianza kuliuma, waje siku hiyo hiyo. Wasingoje kesho.

Nje, kwenye maegesho, shemeji alikuwa ameegemea gari lake lisilo na kioo. Seremala alimweleza habari ya bati, yote, bila kupunguza. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Alifuta vumbi kwenye paa la gari kwa mkono, akafuta tena pale pale.

"Usimwambie dada," alisema mwishowe.

"Nitaachaje kumwambia?"

"Umwambie ili iweje? Jicho litarudi? Nyamaza, shemeji. Nami nitanyamaza."

Wakanyamaza.

Bi Vioo alikaa nyumbani mpaka mshono ukapona, kisha asubuhi moja akafungua mlango wa kushoto wa karakana. Seremala alizima redio. Alimsikia akivuta kioo kutoka ukutani, akikilaza mezani, akiweka rula. Kisha sauti ya kisu, lakini siyo ile ya kitambaa. Ilikwaruza, ikasita, ikakwaruza tena. Kioo kilipasuka kwa kwenda upande.

Alijaribu kingine. Na kingine.

Seremala alisimama mlangoni. Mkewe alikuwa ameinama, kisu kinatafuta mstari. Aliuona mstari vizuri, shida haikuwa hiyo. Shida ni kwamba hakujua tena kioo kinaanzia wapi. Gurudumu lilishuka hewani, likadhani limefika kumbe bado, au likafika kabla hajajiandaa, likagonga. Jicho moja halikumwambia umbali.

"Utazoea," alisema mumewe. "Daktari alisema watu wanazoea."

"Watu gani? Wanaokata vioo?"

Mumewe akachukua ufagio.

"Weka ufagio chini," alisema mkewe. "Nimesema weka."

Aliuweka. Bi Vioo alifagia mwenyewe, polepole, akikosa vipande vilivyokuwa karibu na mguu wake. Alipomaliza alifunga mlango wa kushoto, akaenda kukaa kwenye benchi nje, uso ameupeleka ukutani. Tangu siku hiyo ndipo alipokuwa akishinda.

Huku nyuma makabati yaliyobaki yalikuwa yanangoja. Mwenye nyumba ya wageni alituma pole, akatuma tena kuuliza. Seremala alilifuata trela, akalileta uani, akaling'oa lile bati riveti moja moja. Kisha akaanza upya. Mara hii aliuliza watu. Alikwenda kwa madereva wanaovuta trela kwenye barabara za vumbi, akaangalia walivyofanya, akainama chini ya magari yao mpaka mgongo ukauma. Aliona kwamba dawa ya mawe ilikuwa rahisi mno. Mipira mizito ining'inizwe nyuma ya matairi, karibu kabisa na ardhi, jiwe lisipate pa kupaa. Juu ya mkono wa trela, kati ya gari na mzigo, ufungwe wavu wa chuma ulioinamishwa, na nyuma yake pazia la mpira mlegevu. Jiwe likifika linakuta kitu laini, linachoka, linaanguka chini. Hata lile bati lenyewe, angeliinamisha tu kidogo sehemu ya juu irudi nyuma, mawe yangepaa angani na kupotea. Upana wa kiganja. Ni hivyo tu alivyohitaji, na alikuwa seremala, mtu aliyeishi kwa kupima pembe.

Alikuwa anakata matairi ya zamani kuwa vipande vya pazia, machozi yanamtoka bila sauti, aliposikia mkewe yuko nyuma yake.

"Unatengeneza nini?"

"Kinga. Ya mawe."

"Si lilikuwepo bati?"

Alitua kisu. Akamwambia. Alisema huku anatazama mpira, kwa sababu kumtazama hakuweza. Alimwambia juu ya vishimo na mstari, na jinsi alivyojua tangu pale zahanati na hakusema.

"Nilijua," alisema Bi Vioo.

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nimegeukia nyuma. Nililiona jiwe linatoka kwenye bati." Alikaa juu ya tairi. "Na mimi ndiye niliyelishikilia wakati unapiga riveti. Nililishika likasimama wima. Nilikwambia, usisogee, hapo hapo limenyooka."

"Wazo lilikuwa langu."

"Mawe nilianza kuyalalamikia mimi, sababu ya vioo vyangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma bei dukani. "Ningependa kukulaumu, Fundi. Nimejaribu sana. Ningekulaumu ningepata pa kuegemea. Sipati."

Alisimama akarudi kwenye benchi lake. Seremala alibaki ameshika kipande cha mpira. Siku zote alikuwa ameogopa kwamba mkewe akijua atamchukia. Sasa alitamani angemchukia.

Kinga ilikamilika, wakaifunga. Shemeji hakuchana nywele popote. Walipakia makabati ya mwisho, yakiwa na vioo vilivyonunuliwa dukani tayari vimekatwa, na wakaondoka wawili tu. Bi Vioo alisema hataki kwenda, na nani angemwuliza sababu.

Kwenye changarawe walisikia mawe yakifika. Hayakulia pang. Yalitoa sauti nzito, iliyofifia, ya ngumi kwenye godoro. Kioo kipya cha nyuma kilibaki kizima. Walisimama mara kadhaa kukagua: wavu mzima, mpira mzima, makabati hayana mchubuko. Chini ya kinga, kwenye kona ya fremu, yalijikusanya mawe machache yaliyochoka. Seremala aliokota moja. Lilikuwa dogo kama punje ya hindi.

Shemeji aliwasha gari, akangoja, kisha akazima.

"Panda, shemeji."

Hakupanda. Alikuwa amechuchumaa kando ya barabara, amekumbatia magoti, analia kwa sauti, na kila gari lililopita lilimpaka vumbi. Kama kinga ingeshindwa, kama angalau jiwe moja lingepenya, angejiambia kwamba barabara ile haina dawa. Haikupenya hata moja.

Mwenye nyumba ya wageni alisifu kazi. Aliwapa chai. Aliuliza hali ya mgonjwa, na seremala akasema anaendelea vizuri, anashukuru.

Walirudi kesho yake mchana, jua likiwa la utosi. Seremala alimkuta mkewe amekaa ndani, karakana upande wa kushoto, kwenye meza yake tupu, milango yote miwili iko wazi na mwanga umejaa mpaka kwenye pembe.

"Umerudi," alisema. "Mbona umefunga mlango?"

Seremala alitazama mlango. "Haujafungwa."

"Basi fungua dirisha, kuna moshi humu."

Hapakuwa na moshi. Alimsogelea, akapiga magoti mbele yake. Jicho lake zima lilikuwa jekundu pembeni, linachuruzika, na lilimtafuta usoni likamkosa, likatua begani kwake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nilidhani ni uchovu." Alisita. "Kabla hamjasafiri. Mwanga ulikuwa unaniuma. Nilisema nikikwambia utanipeleka, na wakinipeleka watanitoa lile jicho."

Naye seremala alikumbuka jinsi alivyomwona siku kadhaa akimimina chai pembeni ya kikombe, akakaza macho yake kwenye ukuta na kujiambia ni kule kukosa umbali, ni jicho moja, atazoea. Alikuwa ameona, na akaamua hajaona.

Shemeji hakuzima gari. Walilichomoa trela pale pale wakaenda.

Daktari hakuwakaripia. Ingekuwa afadhali angewakaripia. Alimlaza, akampa dawa za matone na vidonge vikali vilivyomvimbisha uso, akamjia kila asubuhi na tochi yake. Siku nyingine alitoka ameinua nyusi kidogo, na seremala alishinda anaishi kwa nyusi zile. Siku nyingine alitoka anatazama sakafu. Mwishowe alimwita kwenye korido, mbali na kitanda.

"Tumechelewa, baba," alisema. "Tumeokoa kidogo. Atajua kama ni mchana. Ataona mtu anasogea, hataona ni nani."

"Na tukilitoa lile sasa?"

"Sasa haitasaidia kitu."

Seremala alitikisa kichwa mara nyingi kuonyesha kwamba ameelewa, akaendelea kutikisa hata daktari alipokwisha kuondoka.

Walirudi nyumbani. Watoto walikuja, wakalia, wakapika, wakagombana kidogo juu ya nani amchukue mama, wakaondoka. Shemeji alileta matunda kila wiki, akakaa pembeni na maneno yake machache mapya. Vioo vilivyokuwa vimesimama ukutani seremala alivigeuza vyote, migongo ikatazama nje, ingawa haikumsaidia mtu yeyote. Alifanya kazi kidogo. Madereva walianza kumjia kuomba awatengenezee kinga kama ya shemeji, kwa sababu habari zilishaenea kwamba haipitishi kitu. Aliwakatalia bila kueleza. Wakaenda kwa mafundi wengine, wakatengenezewa, na barabarani magari yakawa yanapita na mapazia yake ya mpira, yanaenda na kurudi salama.

Asubuhi alimwongoza mkewe mpaka kwenye benchi, mkono chini ya kiwiko. Watu waliopita walisimama uzioni.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunashukuru," alijibu kila mara, na wapita njia wakaridhika.

Siku moja, aliyeuliza alipokwisha kwenda, Bi Vioo alisema, "Usiwaambie hivyo tena."

"Hivyo vipi?"

"Kwamba naendelea. Siendelei. Naamka, nakaa hapa, joto linanihama upande mmoja wa uso linakwenda mwingine, basi siku imekwisha. Wakisikia vizuri wanaondoka wamefurahi. Sitaki wafurahi."

"Niwaambieje?"

"Sijui. Wewe ndiye unayewaona."

Keshoye mama jirani alisimama uzioni na kikapu chake, akauliza kama kawaida. Seremala alifungua mdomo. Alitafuta la kusema, akalitafuta mpaka mama yule akaanza kubadilisha kikapu mkono, akatazama chini, kisha akaondoka zake taratibu bila kuaga.

"Nani yule?" aliuliza mkewe.

"Jirani."

"Umemwambiaje?"

"Sikuweza."

Bi Vioo aligusa benchi kwa kiganja mpaka akaipata nafasi ilipo, akajisogeza kidogo. Seremala akaja akaketi. Walikaa hivyo bega kwa bega, wametazama upande mmoja, na mbele yao barabara iliendelea kujaa watu.